Nani Ataubeba Mnara wa Wirati

Mimi si mtu wa kusifia watu ovyo. Uliza mtaa mzima hapa kwetu Gianyar, kisiwani Bali, watakwambia Shangazi Rempi ana mdomo, na hawatakuwa wamenisingizia. Lakini Wirati, binti wa marehemu kaka yangu, huyo nitamsifia mpaka mchoke, maana kazi yake naijua tangu alipokuwa kabinti kadogo kanakomganda mama yake na kumpokonya vijiti vya mianzi mkononi.

Wirati husuka minara ya matunda ya sikukuu. Sisi tunaiita gebogan. Ukimwona mwanamke anakwenda hekaluni na matofaa, machungwa na zabibu vimepanda juu ya kichwa chake, na yeye anatembea shingo haitikisiki, jua kuna mtu nyuma yake aliyeumia mgongo. Chini kabisa kuna sinia la mti lenye mguu mmoja. Katikati ya sinia unasimamisha kipande cha mgomba, kisha unazungushia matunda safu kwa safu, makubwa chini, madogo juu, kila moja limeshikwa na kijiti cha mwanzi kilichozama kwenye mgomba. Juu kabisa unaweka ua la makuti machanga yaliyosukwa. Kazi inaonekana rahisi. Basi jaribu, halafu uje unihadithie matunda yako yaliviringika mpaka wapi.

Yeye ana masharti yake. Tunda halifungwi kwa waya wala gundi, na hataki kusikia habari za yale maboya meupe ya plastiki ambayo wengine siku hizi wanayaweka mahali pa mgomba. Na kila tunda hulichoma mara moja tu, kitakoni. Akikosea kulichoma, halirudishi, hulitia kwenye kikapu cha kuliwa. Ndiyo maana mimi hupenda kukaa karibu naye anapofanya kazi, ingawa yeye hakosei mara nyingi kiasi ninachotaka.

Watu wa mtaa wetu wengi wanafanya kazi mahotelini kule pwani. Wanarudi wamechoka, sikukuu imefika mlangoni, wanakimbilia kwa Wirati. Wanamletea matunda, anawasukia, wanaondoka wamejitwika. Na yeye anabaki barazani anafagia maganda. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii, kwa sababu Wirati alikuwa anasuka minara ya kila mtu na hakuwa na ruhusa ya kubeba hata mmoja.

Nieleze vizuri. Mwanamke wa kwetu akiolewa, hupiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumba yao na kuwaaga wazee waliotangulia. Tangu hapo anakuwa mtu wa mizimu ya mumewe. Akiachika, kule kwa mume hawamtambui tena, na huku kwao aliaga kwa kinywa chake. Anabaki hewani. Hana pa kusali, na siku akifa hajulikani atapokelewa na nani. Ili arudi, lazima mkuu wa nyumba yao asimame mbele ya madhabahu awaambie wazee kwamba mtoto wao amerudi. Taratibu nyingine za mtaa zitafuata, lakini neno hilo la kwanza ni la mkuu wa nyumba, na hakuna wa kulisema badala yake.

Mkuu wa nyumba yetu ni Sukanta, kaka yake Wirati. Na Sukanta alikuwa hataki kulisema.

Mimi sikuolewa. Wachumba walikuwepo, msinifikirie vibaya, ila kila mmoja nilimwona ana kasoro. Kwa hiyo wazee wa nyumba hii hawajawahi kupumzika na mimi hata siku moja, wananisikia kila asubuhi. Lakini Wirati alikuwa na haraka. Alitoroka usiku na kijana wa Klungkung, akaolewa huko bila kaka yake kuulizwa. Alipokuja kuaga madhabahuni, Sukanta alimwomba asiwaage wazee wetu kwa ajili ya mtu yule. Yeye akaaga. Sukanta akaumia, na Sukanta akiumia huwa hasemi, hununa, na kununa kwake kuna mizizi.

Yeye na yule mume hawakujaliwa mtoto. Mwishowe mume akaleta ndani mwanamke mwingine, mjamzito, akamwambia Wirati awe mwema, amtunze. Wirati akamtunza kwa wiki moja, kisha akafunga nguo zake kwenye kanga ya batiki akaja nyumbani kwa miguu yake. Nilimfungulia lango mimi. Nilitaka kumsimanga kidogo, mdomo ulikuwa tayari kabisa, lakini nilipoona alivyokonda nikaenda kuchemsha maji.

Sukanta hakumfukuza. Haki yake nitampa. Alimpa chumba karibu na jiko, akamwambia ale, alale, afanye kazi yake. Lakini nilipomuuliza lini atamrudisha madhabahuni, alinijibu kwamba aliyeaga kaaga. Nikamuuliza tena mwezi uliofuata, akaniambia, Shangazi, kunywa kahawa yako. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Sikukuu zikapita, na kila sikukuu Wirati alisuka mnara wa nyumba yetu, akaufikisha kwenye lango dogo la mawe la ua wa madhabahu, akampa wifi yake aingize. Yeye akageuka akaenda jikoni kukuna nazi. Nazi nyingi sana zilikunwa katika nyumba hii kuliko zilizohitajika.

Wifi yake ni Sulasih, mke wa Sukanta. Mwanamke mzuri wa sura, mchapakazi, na anapenda kuonekana. Yeye na Wirati hawakugombana, walikuwa wanapishana tu kama watu waliokodi nyumba moja. Sulasih aliingia madhabahuni na mnara wa Wirati kichwani, watu wakamsifia mnara, na yeye akashukuru. Mimi moyo ulikuwa unaniwaka, nikikaa pale nikimwona anashukuru.

Sasa tuje kwenye ile Galungan ninayotaka kuisimulia, sikukuu wazee waliokufa wanaporudi kututembelea nyumbani. Nguruwe alikwishachinjwa, wanaume walikwishakatakata nyama zao na kubishana kuhusu pilipili kama kawaida. Wirati alimaliza mnara wetu jioni, akaufunika kwa kitambaa cheupe barazani. Ulikuwa mzuri, wa kadiri, umesimama wima kama mtu aliyelala vizuri.

Alfajiri Sulasih akaamka kabla ya wote. Alikuwa amechungulia mnara wa nyumba ya jirani akaona unaupita wetu kwa safu moja. Hilo lilimnyima raha. Akafungua jokofu akatoa mfuko wa mapeasi, akachomeka safu moja juu, chini kidogo ya lile ua la makuti, akarudishia kitambaa. Lakini jokofuni kulikuwa na mifuko miwili ya mapeasi. Mmoja ulitoka sokoni. Mwingine alikuja nao siku chache nyuma kutoka kwenye sikukuu ya hekalu la wazazi wake, matunda yaliyokwisha kutolewa kwa miungu, yakagawiwa watu wayale. Kwa kiza cha alfajiri na papara yake, akachukua ule wa hekaluni.

Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo la kucheka. Kwetu sisi hapana. Wakubwa wakishakula, makombo yao kwetu ni baraka, tunayala kwa furaha. Lakini huwezi kuchukua makombo ukawarudishia mezani na kusema karibuni chakula. Tena siku ya Galungan, wametoka safari ya mbali hivyo.

Jua lilipochomoza ndugu wakaanza kufika, shemeji na binamu na wake zao, wamevaa vizuri, wananukia. Mzee kuhani naye akaingia, akaketi uani kwenye madhabahu, akawasha ubani na kuanza kupanga maua yake. Wirati akauleta mnara hadi kwenye lango la mawe. Akaondoa kitambaa. Nilikuwa karibu yake, nikaona uso wake unabadilika.

Aliiona safu ambayo hakuisuka. Akanyoosha mkono kulirekebisha peasi moja lililokaa upande, akalichomoa, akaligeuza. Nikasogea. Kitakoni mwa peasi kulikuwa na tundu la pili, la zamani, limekauka na kuwa jeusi ukingoni. Peasi lile lilikwisha kukaa kwenye mnara mwingine. Akachomoa la pili, tundu. La tatu, tundu. Nilielewa palepale, na nilipoinua macho nikamwona Sulasih amesimama upande wa pili, mkono kinywani. Alikuwa ameelewa pia.

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilisema moyoni, haya, leo ndiyo leo. Lilibaki neno moja tu la Wirati, nalo lingetosha. Ndugu wote walikuwa pale. Sulasih angeitwa mlisha makombo mpaka wajukuu zake. Na Sukanta angeona ni nani kati ya wanawake wale wawili anayeijua nyumba hii.

Wirati akayatia yale mapeasi kwenye upande wa nguo yake, polepole, akayafunika. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Samahanini. Nimekosea mimi. Mgomba umelegea, mnara utaanguka. Nipeni muda niusuke upya."

Sukanta akatoka uani kwenye madhabahu, kilemba kimemkaa upande kwa hasira. Akatazama ndugu, akatazama mnara, akamtazama dada yake.

"Kazi yako ni hii moja tu," akamwambia. "Hata hii imekushinda?"

Mbele za watu. Nikafungua mdomo, na mdomo wangu ukifunguliwa huwa haufungwi bure, lakini Wirati akanishika mkono akanibana hadi nikanyamaza. Akamjibu kaka yake kwamba hatachelewa. Sukanta akarudi ndani. Sulasih alibaki pale amesimama, rangi imemtoka, hajui aende wapi.

Basi kazi ikaanza upya. Mwingine angetoa yale mapeasi tu akaendelea na maisha. Wirati alisema matunda yote yaliyokaa chini ya makombo hayapandi tena, akayatia yote kikapuni yaliwe na watoto. Akakata mgomba mpya nyuma ya nyumba. Soko siku hiyo limefungwa, kila mtu yuko kwenye sikukuu yake, kwa hiyo akazunguka boma na kisu. Akachuma mabalungi mawili makubwa, mapera, mapapai machanga, chane za ndizi ndogo, na salak, matunda madogo yenye magamba, kutoka kwenye vichaka vya miiba ukutani vilivyomchuna mikono. Nikaenda chumbani kwangu nikatoa shokishoki zangu nilizokuwa nimezificha chini ya kitanda, nikampa. Aliniangalia akatabasamu, akasema kumbe chumba cha Shangazi kina soko. Nikamwambia asuke, asiniulize maswali.

Akaketi chini akasuka. Sijawahi kumwona anasuka hivyo. Balungi chini, mapapai juu yake, mapera yakizunguka, salak zimefuatana kama vigae, kisha shokishoki nyekundu zenye nywele hadi juu. Hakukuwa na tofaa hata moja la kung'aa. Ulikuwa mnara wa nyumba yetu kabisa, kila tunda ningeweza kukuonyesha mti wake. Katikati ya kazi Sulasih akaja akachuchumaa karibu naye. Akaanza kumpa vijiti, kimoja kimoja. Mara moja nilimsikia Sulasih akimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakusema, na Wirati akamjibu kwamba sikukuu si siku ya kumvua mtu nguo.

Mnara ulipokamilika, Wirati akausogeza langoni, akajifuta mikono iliyochunika, akageuka kuelekea jikoni kama siku zote.

Ubani ulikuwa umekwisha mara moja, mzee kuhani kawasha mwingine. Ndugu walikuwa wameketi, watoto wameanza kulialia njaa. Sukanta akaita kutoka ndani kwamba Sulasih aubebe mnara aingie, watu wanangoja.

Sulasih hakuinama. Sukanta akaita tena, mara hii kwa ukali. Sulasih akakunja mikono.

"Sibebi," akasema.

Sukanta akaja langoni. Watu wote wakageuza shingo.

"Mwenye mnara yupo," Sulasih akasema. "Mgomba haukulegea, mume wangu. Mimi nilichomeka mapeasi ya hekalu la kwetu, yaliyokwisha kutolewa. Nilikosea mfuko. Mimi ndiye niliyetaka kuwalisha wazee wako makombo. Huyu aliona, akaficha, akakuacha umfokee mbele ya ukoo mzima ili usinifokee mimi. Halafu unataka niubebe huu niingie nao, nisifiwe? Mimi siwezi. Miguu haitaniingiza."

Nilimtazama yule mwanamke nikasahau kumchukia. Wirati alikuwa amesimama kwenye njia ya jikoni, ametugeuzia mgongo, hageuki.

Sukanta akainua mkono akakirekebisha kilemba. Namjua, nimemlea mimi mabegani. Nilimwona anapigana na lile donge lake la miaka yote, lile la usiku ule dada yake alipotoroka, na donge lenyewe limekuwa kubwa hata yeye hajui aliweke wapi. Mzee kuhani ndiye aliyemsaidia, tena bila hata kuinua macho kutoka kwenye maua yake.

"Sukanta," alisema, "wazee wamefika. Nani anabeba?"

Sukanta akageuka, akaenda hadi kwenye madhabahu ya baba yake. Akapiga magoti. Nilidhani atasali tu, ajifiche ndani ya sala kama wanaume wafanyavyo. Akaweka viganja pamoja juu ya paji la uso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumza na mtu aliyeketi mbele yake.

"Baba. Mama. Wirati amerudi nyumbani. Amerudi siku nyingi, mimi ndiye sikuwaambia. Naomba mumpokee, awe mtoto wenu kama zamani. Akiwa na kosa, niulizeni mimi."

Kisha akainuka, akatoka langoni, akamwita dada yake kwa jina. Wirati akageuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa anayafuta. Akaja, akasimama mbele ya kaka yake, akapiga magoti nusu ili kichwa kifikie. Kazi ya kumtwisha mwanamke mnara si ya mwanamume kwetu, hata mtoto anajua hilo. Lakini Sukanta aliinama akakumbata sinia lile zito la balungi, akalinyanyua, akamtwisha mwenyewe, akalishikilia mpaka shingo yake ilipotulia.

"Taratibu," akamwambia. "Kizingiti kina utelezi."

Wirati akavuka lango. Mikono yake ilikuwa chini, hakuushika mnara, na mnara haukutikisika. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti kama mtoto, sioni haya kusema. Mzee kuhani alimpokea, mnara ukawekwa mahali pake, maji matakatifu yakanyunyizwa, na tukaambiwa tuketi kwa ajili ya sala.

Katika ua wetu wa madhabahu wake wa nyumba huketi kwenye mkeka wao, na mabinti wa nyumba kwenye mkeka wao. Mkeka wa mabinti miaka yote ulikuwa wangu peke yangu, nimezoea kuenea nitakavyo, goti huku, kikapu kule. Wirati akasimama katikati, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, akatazama mkeka wa wake, akatazama wangu. Halafu akaja.

"Sogea, Shangazi," akaniambia.

Nikasogea.